Sauti Iliyo Upande wa Pili wa Diski

Bute, Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Ilwad, binti wa dada yangu Idil,

Assalamu alaykum. Barua hii nampa Golicha wa lori la mbuzi. Ameniapia ataiweka mkononi mwako huko Galbet, wala si kwenye kaunta ya hoteli kama alivyofanya mwezi uliopita. Mnara wa simu hapa Bute umelala tangu Septemba. Wanatuambia kifaa kinakuja, nasi tunasubiri kifaa. Kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu. Na kwa kuwa Kiborana chako kiliishia kwenye salamu, na Kisomali changu wewe hukicheka, tuandikiane kwa Kiswahili kama watu waliosoma.

Sisi hatujambo. Mvua bado. Ng'ombe sita wamekwisha, ngamia wanavumilia. Mdogo wangu Abshir amewahamishia upande wa mpakani. Mke wangu Fardosa ni mzito, Mungu akijalia atajifungua Desemba. Shuleni ni mitihani tu, na naibu mwalimu mkuu, yaani mimi, ndiye punda wa kila mzigo.

Golicha ameniletea habari kutoka kwa mama yako kwamba umeposwa. Mashallah! Nilifurahi hata nikawanunulia chai watu nisiowapenda. Kisha nikauliza mchumba ni nani. Akasema ni Abdiwali, mwana wa mzee Olow aliyehamia Garissa. Nikaweka kikombe chini.

Ilwad, kijana huyo alizaliwa huku mwaka wa mafuriko, na mama yake alifariki akimzaa. Mwaka huohuo ayeeyo yako, mama yangu Sharifo, Mungu amrehemu, alikuwa na Abshir kifuani, na aliwanyonyesha pia watoto wa wenzake waliofariki. Wangapi na kina nani, sijui, nilikuwa shule ya bweni kule Wajir. Lakini kabla ya kututoka aliyataja majina yote, na mara alizomnyonyesha kila mmoja. Yamo kwenye laptopu yangu, folda inaitwa MAMA. Kama alimnyonyesha Abdiwali mara tano za kushiba au zaidi, basi Abdiwali ni mwanawe wa maziwa, ni ndugu wa mama yako na mjomba wako, na ndoa hiyo haiwezekani. Ikiwa ni chini ya tano, nichinjieni mbuzi nakuja.

Sasa hiyo folda siioni. Tangu ulipokuja Agosti ukaniwekea mfumo wako wa Linux kando ya Windows yangu, kumezuka diski inaitwa D ambayo sikuwa nayo. Nikiigusa inaniuliza kama nataka kuiformati kabla ya kuitumia. Kuna OK na kuna Cancel, na mimi sijui lipi ni lipi kwa maana ya mambo haya. Umeiweka wapi sauti ya mama yangu? Nijibu upesi, kabla watu hawajaanza kualikwa.

Abti yako,
Mahat

—

Galbet, Garissa, 24 Oktoba 2025

Abti Mahat,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Safari hii Golicha ameniletea barua mkononi kweli, ikinuka mbuzi. Hooyo, dada yako, anakusalimu. Magoti yanamsumbua, mdomo mzima kabisa. Duka langu limefurika, maana Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa, na watu wanadhani mashine zao zitazimika kama taa. Wananiletea kompyuta nzima kabisa wakiwa na nyuso za msibani. Nawaambia haifi, ila haitapata tena kinga mpya, na kama ni ya zamani kama yako, dawa ni kuiwekea Linux kando.

Sasa nisikilize. USIBONYEZE OK. Ikikuuliza, Cancel. Ikikuuliza mara mia, Cancel mara mia.

Diski yako ni moja, mimi niliigawa. Windows na Linux wamo humo kama wake wenza, boma moja, kila mmoja na nyumba yake. Linux ni yule anayeingia kwa mwenziwe bila taabu, anasoma vya huko, hata chumvi anaazima. Windows hajui kusoma vya mwenziwe hata kidogo. Akifungua ule mlango haoni vyombo, anaona nyumba tupu yenye vumbi, ndipo anakuuliza, nifagie? Ukimjibu ndiyo, atafagia kweli. Folda zako nilizihamishia upande ule kwa sababu Windows yako ilikuwa imejaa virusi vya flashi za walimu wenzako. Kosa langu ni kwamba sehemu hiyo niliipa alama ya kawaida, ndiyo maana Windows anaiona na kuiita D. Ningeificha. Siku ile gari lilikuwa linapiga honi nje. Nisamehe.

Kuifikia sauti: zima kabisa, washa, itakuja orodha ya majina mawili, chagua Linux. Orodha isipokuja, ujue betri ndogo ya ndani imekufa na mashine imesahau ianze na nani. Basi ukiwasha tu, gonga kitufe cha F9 mfululizo, utaona jina lake.

Na hilo lingine, abti, mbona Agosti hukuniambia kwamba kuna majina kama hayo? Adeer Abdisalam, ndugu wa marehemu baba anayesimama mahali pake, ameshawapokea wazee wa kina Olow. Nikaha ni Ijumaa, tarehe sita Februari. Mzee Olow mwenyewe amesema mbele ya watu kwamba mwanawe alilelewa na shangazi kwa maziwa ya mbuzi. Na wewe ndiye uliyerekodi! Ulikuwa umekaa pale pale. Kwani ulisikia nini?

Wako,
Ilwad

—

Bute, Jumapili, 26 Oktoba 2025

Kwa Ilwad,

Salamu zangu nazituma nikiwa gizani, sijui ya kwanza imekufikia au imeliwa na mbuzi. Golicha hajarudi. Nasikia springi za lori zimekatika kabla ya kufika Wajir. Hii inaenda na gari la daktari wa mifugo.

Hapa tu wazima. Fardosa anakula mchanga, anasema ni mtoto anautaka. Ng'ombe waliokufa sasa ni wanane.

Nimemwonyesha laptopu mwenzangu Kanchora, mwalimu wa sayansi. Amecheka. Anasema diski yoyote mpya lazima iformatiwe ndipo isomeke, ndivyo walivyofundishwa chuoni, na kwamba labda folda iko chini yake inangoja. Jana alitaka kuibonyeza. Petroli ya jenereta ikaisha, tukaondoka.

Mimi naelewa Windows, Ilwad. Miaka kumi nimeandikia humo maazimio ya kazi na orodha za wanafunzi, nayo haijawahi kuniuliza swali nisilolijua. Hiyo ya kwako ina ndege asiyeruka kwenye picha, na tangu uondoke sijaingia huko hata siku moja. Nitangoja jibu lako hadi Ijumaa, tarehe saba Novemba. Lisipofika, nitamwachia Kanchora afanye anavyojua. Siwezi kukaa na jambo la haramu na halali mfukoni nikijipumzisha.

Mahat

—

Galbet, Jumatano, 5 Novemba 2025

Abti,

Salaam. Hooyo mzima. Mimi si mzima.

Barua yako ya tarehe 26 imefika sasa hivi. Ijumaa ni keshokutwa! Naandika nimesimama kwenye ofisi ya basi la Wajir, dereva anatazama saa. Kutoka Wajir atakayekufikishia simjui, nimeomba tu.

USIMWACHIE KANCHORA. Alichofundishwa ni cha diski tupu. Hii si tupu, ina ayeeyo ndani. Akiformati, sauti imekwenda, na hata mimi sina hakika ya kuirudisha.

Nimeweka karatasi nyingine ndani ya bahasha, ina neno moja tu kubwa, CANCEL. Hata kama barua itachelewa kusomwa, mtu akuinulie hiyo dirishani.

Hooyo ameniuliza mbona macho mekundu, nikasema ni vumbi. Wallahi naogopa, abti.

Ilwad

—

Bute, Jumatatu, 17 Novemba 2025

Kwa Ilwad, mwenye vumbi machoni,

Assalamu alaykum. Kwanza nikutoe hofu. Karatasi yako ya CANCEL ilifika Jumamosi tarehe nane, siku moja baada ya Ijumaa, na ile barua yako ndefu ya Oktoba ikafuata baada ya siku nne. Lakini diski iko vilevile.

Ijumaa baada ya swala Kanchora alikuja. Aliwasha, akafika kwenye lile swali, akaniambia niseme bismillah. Nikamwambia akae kando, ni mama yangu, nitabonyeza mwenyewe. Nikaweka kidole. Nikakaa hivyo mpaka Kanchora akauliza kama nimepatwa na ganzi. Kisha nikaifunga mashine nikamwambia aende akanywe chai. Kwa nini, usiniulize leo.

Umeuliza nilisikia nini siku ile ya kurekodi. Sikusikia kitu. Mama aliponiita na kuniambia anataka kutaja watoto aliowanyonyesha, niliweka laptopu mkekani karibu naye, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikatoka nje. Mwanamume mwenye ndevu atakaaje kusikiliza mama yake akieleza habari za kifua chake? Nilisimama kwenye zizi la mbuzi dakika arobaini. Aliyekaa naye ni jirani yetu mmoja mzee, naye tumemzika mwaka jana. Niliporudi nilizima, nikaandika MAMA, basi. Baada ya msiba sikuweza kuifungua. Miaka miwili, Ilwad. Niite mjinga, nimeshajiita.

Sasa: betri ndogo imekufa kama ulivyosema, tarehe ya mashine inadai tuko mwaka 2016. Nimegonga F9 kama mpiga ngoma. Ndege wako akatokea! Nikashangilia peke yangu. Halafu pakaja kisanduku chenye jina lako, kinataka neno la siri. Nimejaribu lile la Windows, kimekataa. Nimejaribu jina la mama yako, jina la shule, kimekataa. Nitumie hilo neno. Ni jambo dogo.

Abti yako

—

Galbet, 2 Desemba 2025

Abti mpendwa,

Wa alaykum salaam, na salamu kwa Fardosa na huyo anayekula mchanga tumboni. Hooyo amekwenda kupima magoti na amerudi na dawa anazompa jirani. Joto la Garissa mwezi huu ni la kumtoa nyoka shimoni. Shangazi zangu wamefika kutoka Balambala, nyumba imejaa magauni ya dira na uturi, wanabishana kuhusu rangi mpaka nawakimbilia dukani.

Nimefurahi umemwona ndege. Ukimzoea utampenda. Kwa mashine yako nzee yeye ni mwepesi kuliko Windows, hapatwi ovyo na virusi vya flashi, na hakuambii kila mwaka ununue laptopu nyingine. Ila fomu za wizara na printa ya shule yako vinaelewana na Windows tu, ndiyo maana sikuiondoa. Wateja wananiuliza ipi bora. Nawajibu, bora kwa kazi gani? Mwingine anabisha saa nzima huku kazi yake ni kuandika barua mbili kwa mwezi.

Kuhusu neno la siri, abti, nimelisahau. Naweka maneno ya siri ya watu wengi, yanachanganyika kichwani. Nitalifikiria.

Lakini nawaza pia, labda tuliache. Ayeeyo alikuwa mgonjwa alipoongea, mgonjwa huchanganya. Mzee Olow amesema ni mbuzi, na yeye ndiye baba. Kadi zimeshachapishwa. Watu wanajua.

Wako,
Ilwad

—

Bute, 15 Desemba 2025

Kwa Ilwad,

Assalamu alaykum. Fardosa amejifungua salama, binti. Tumempa jina Sharifo. Analia kwa sauti ya mwenye jina, wazee wote wamekubali. Mpe mama yako pongezi. Mvua ilinyesha dakika ishirini, ikatuaibisha, ikaondoka.

Ilwad, wewe husahau. Ukiwa na miaka sita ulinisomea namba ya simu ya duka la Wajir baada ya kuisikia mara moja. Hujasahau neno la siri. Na jambo jingine nimeliona, katika barua zote hukusema hata mara moja kwamba utakuja mwenyewe, wala kwamba niilete mashine Garissa. Fundi anayetaka kitu kitengenezwe huja na bisibisi.

Sikukasirikii. Nilikuambia usiniulize habari ya ile Ijumaa, basi leo nakuambia. Karatasi yako ilikuwa haijafika, lakini moyoni nilishajua kwamba nikibonyeza sauti itapotea. Sikuweka kidole kwa ujinga. Niliweka kwa sababu nilitaka ipotee. Niliwaza, nitasema ni mashine imekula, nani atamlaumu mwalimu wa Bute? Ilwad ataolewa na anayempenda, mama yake atacheka, mimi nitakula wali. Lilikuwa jambo rahisi mno.

Kila nikiwasha Windows, bado linaniuliza. Usiniambie nibonyeze, mwanangu. Nakupenda, na nikiambiwa na wewe naweza kukubali, kisha nitakutana na mama yangu nikiwa na uso gani?

Neno la siri ni lako. Ukinyamaza, sitamwandikia adeer yako, wala sitakuja kusimamisha nikaha mbele za watu. Nitakuja harusini kama abti, nitakaa na wazee, na chakula sitakigusa. Wewe utajua kwa nini, na mimi nitajua, na hapo ndipo tutaishi sote wawili.

Mahat

—

Galbet, Jumapili, 11 Januari 2026

Abti,

Wa alaykum salaam. Hongera ya mtoto, Mungu amkuze. Hooyo alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Nimekaa na barua yako siku kumi na tatu. Siku ya kwanza nilikukasirikia sana. Nilisema, ana nini huyu, si angebonyeza tu na kunyamaza, wanaume wanaficha mangapi! Siku ya pili nilikukasirikia tena. Nilitaka uniamulie ili nikulaumu wewe. Umenirudishia mkononi kama makaa.

Basi nikamwambia Abdiwali. Unajua anafunga pampu za maji mashambani kule Balambala, na miaka miwili sasa akija mjini anapita dukani, anasimama upande wake wa kaunta nami upande wangu. Hivyo ndivyo tulivyojuana, yeye na laptopu mbovu ya ushirika wa wakulima, kila mwezi ina ugonjwa mpya. Nikamweleza yote, folda, diski, na neno la siri ninalodai nimelisahau. Mteja akaingia, nikamhudumia, akatoka. Kisha Abdiwali akasema kwamba shangazi yake, kila Idi, alikuwa akimlazimisha atume salamu na sukari Bute kwa mama mmoja anaitwa Sharifo. Hakuwahi kumwambia kwa nini. Akasema, "Na mimi sikuwahi kuuliza, Ilwad. Tangu nikujue nimefanya bidii kubwa nisiulize." Kisha akasema, "Mpe abti yako hilo neno." Akachukua ile laptopu ya ushirika, haikuwa na ubovu wowote, akaondoka.

Neno la siri ni hili: abdiwali1997. Herufi ndogo zote, bila nafasi. Nililiweka Agosti, nikiwa nimeketi mkekani kwako, kabla hajaleta wazee, kabla mtu yeyote hajajua. Hiyo pia ilikuwa sababu ya kukuficha. Nitakufa kwa aibu ukiliandika, kwa hiyo liandike haraka na usilisome kwa sauti.

Ukiingia, fungua folda ya MAMA, gonga faili mara mbili. Kabla ya kusikiliza, chomeka flashi na uinakili. Kabla ya kusikiliza, abti, sio baada.

Kisha niandikie, iwe vyovyote vile.

Ilwad

—

Bute, Ijumaa, 23 Januari 2026

Kwa Ilwad, binti ya dada yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Tuko hai. Nitaziacha habari za mifugo.

Neno liliandikwa haraka, halikusomwa kwa sauti.

Nilinakili kwanza kama ulivyoagiza. Kisha nikakaa na Fardosa, mtoto akinyonya, safari hii sikutoka nje. Mama anaongea Kiborana chake cha polepole, anakohoa, anaomba maji, anaendelea. Si mgonjwa aliyechanganyikiwa, Ilwad. Anataja watoto kumi na mmoja, na mama zao, na mahali zizi lilipokuwa. Mmoja anasema alimnyonyesha mara mbili tu, na anasisitiza, mbili, huyo si wangu, msimnyime mke. Alikuwa anahesabu kwa haki.

Wa saba ndiye. Naandika maneno yake: "Mtoto wa Ardo, yule aliyekufa akizaa. Olow alikuwa Moyale na ng'ombe, hakujua. Nilimnyonyesha siku arobaini na moja, Abshir titi la kulia, yeye la kushoto, mpaka shangazi yake akaja kumchukua. Siku anaondoka nililia kuliko shangazi. Huyo ni wangu. Mwambieni ana mama."

Nimerudia mara nne. Sikupata mahali pa kuponyokea.

Abdiwali ni abti yako, kama mimi nilivyo abti yako. Nimejaribu kuiandika kwa njia nyingine, na kila njia inafika hapo hapo. Nisamehe kwa kuwa ndiye niliyekuambia. Nisamehe kwa kukaa na sauti hiyo miaka miwili bila kuifungua. Flashi imo ndani ya bahasha, nimeifunga kwa gundi. Golicha nimemwambia akiipoteza asirudi Bute.

Nililia, na Fardosa akalia, na mtoto akatushangaa. Lia na wewe. Usiseme ni vumbi.

Mahat

—

Galbet, Jumatatu, 9 Februari 2026

Abti Mahat,

Wa alaykum salaam. Barua na flashi vilifika Jumamosi, tarehe 31 Januari, siku sita kabla ya nikaha. Golicha hakuthubutu hata kushuka kunywa chai njiani.

Adeer Abdisalam alikwenda mwenyewe kwa mzee Olow na flashi mfukoni. Walisikiliza pamoja. Mzee Olow hakubisha, aliomba tu kurudishiwa mwanzo pale Ardo anapotajwa. Kadi tumezichoma. Shangazi zangu wamerudi Balambala na dira zao. Mjini wanasema mengi, nami nafungua duka kila siku saa mbili, wakitaka kunitazama wanitazame na kompyuta zao mbovu mkononi. Sauti nimeinakili mahali patatu. Majina yote kumi na moja nimeyaandika, imamu wa msikiti wetu anayo nakala, maana watatu kati yao bado hawajaoa wala kuolewa.

Nimelia, abti. Nimelia nikiwa nimekaa, nikiwa nimesimama, nikiwa nafungua skrubu za watu. Kuna wakati naichukia hiyo diski, kuna wakati nakuchukia wewe, na ayeeyo, kisha namkumbuka mtoto wa siku moja asiye na mama, naokota bisibisi tena.

Ijumaa tarehe sita, siku yenyewe, Abdiwali alikuja nyumbani peke yake. Nilimsikia akibisha hodi kwa adabu ya mgeni. Hooyo alitoka chumbani bila ushungi, kichwa wazi, na magoti yake yale, akasimama mbele yake akamwambia, "Karibu ndani, ndugu yangu. Mbona unabisha hodi kwenu?" Abdiwali aliegemea ukuta akalia kama mtoto. Hooyo akamkalisha, akaanza kumsimulia ayeeyo alikuwa mtu wa namna gani, alicheka vipi, alimpiga nani na fimbo. Alitaka kujua yote. Mimi nilimimina chai. Hatukutazamana.

Unajua tulivyolelewa. Miaka miwili tumesimama na kaunta katikati, hajawahi kunigusa hata kidole, wala mimi yeye. Hata flashi alikuwa akiiweka mezani, mimi naiokota. Alipoinuka kuondoka alimbusu hooyo kichwani. Kisha akageuka, akaninyooshea mkono. Nikamtazama hooyo. Hooyo akasema, "Mpe, mwanangu. Ni abti yako, ni halali."

Nikampa. Mkono wake una sugu za spana, na ni wa moto kuliko nilivyodhani.

Ilwad